Mwaka wa Miguu ya Nondo

Kwenye kilio cha Docta Verediana, huko Gatsata, tulikaa kwenye viti vya plastiki chini ya hema huku watu wakisimama mmoja baada ya mwingine kumsifu. Wote walisema neno lilelile: mpole. Mpole sana, mnyenyekevu, hakuwahi kugombana na mtu. Faustin, mwenzangu wa kazi enzi za Docta, alikuwa kando yangu na soda yake hajaigusa. Aliniinamia sikioni akasema, "Sha Hadija, hawa wanazika nani? Huyu si wetu." Nikambana mkono anyamaze, maana kucheka kilioni ni aibu, lakini rohoni nilikuwa ninachemka. Mimi si msomi, niliishia senior three, na hotuba za watu wakubwa huwa nazisikiliza kwa adabu. Siku ile nilishindwa. Mtu akifa mnampaka sukari mpaka hamumtambui tena! Docta wangu alikuwa mwema, ndiyo, ila mpole hakuwa hata kidogo, na kama angekuwa mpole kuna nondo mmoja, yule mdudu kama kipepeo wa usiku, ambaye leo asingekuwa Kigali. Nimeamua kuuandika mwaka ule nilivyouona mimi, na atakayetaka kubisha abishe.

Nilikuwa nashona vifungo na mapindo kwa fundi mmoja Rwezamenyo. Docta, msomi wa wadudu, alileta koti lililofumuka bega, akasimama kunitazama nikitunga uzi kwenye sindano. Aliniuliza, kwa Kiswahili chake cha Karagwe kilichokunjuka vizuri kama shuka iliyopigwa pasi, "Binti, hiyo mikono yako haitetemeki kamwe?" Nikamwambia inatetemeka nikiwa na njaa tu. Akacheka. Wiki iliyofuata nilikuwa Muhima, kwenye nyumba ya kupanga iliyokuwa juu kidogo ya barabara ya kushuka Nyabugogo, nikijifunza kung'oa mguu wa nondo.

Ile nyumba naweza kuizunguka hata sasa nikiwa nimefumba macho. Sebule ndiyo ilikuwa maabara: meza ndefu yenye fomeka nyeupe, darubini, na mashine ya kijivu ndogo kama redio ya babu, ambayo kazi yake ilikuwa kuzidisha vinasaba, vile vitu vidogo kabisa ndani ya kila kiumbe, mpaka vinatosha kusomwa. Chumba cha kulala kilikuwa na friji ya kugandisha na masanduku ya nondo, kila nondo amechomwa sindano kifuani na chini yake kikaratasi kinachosema alikamatwa wapi. Jikoni ndiko tulikolia, kwa amri ya Docta: hakuna chembe ya chakula kuvuka mlango wa sebule. Mama jirani alituletea melanji, sahani zile za kila kitu kidogo kidogo, wali, ndizi, maharage, isombe ya majani ya muhogo, tambi na viazi, mpaka sahani inakuwa kilima. Faustin alikuwa na ufundi wa kujenga kilima hicho bila kumwaga hata punje. Yeye ndiye aliyekuwa akienda msitu wa Nyungwe, anatundika shuka nyeupe mbele ya taa, na nondo wanakuja wenyewe. Alikulia Uganda, Kiswahili chake kilikuwa kinachechemea, lakini hakuna msitu uliowahi kumpoteza.

Kazi yenyewe Docta alinieleza hivi, nami ndivyo ninavyowaeleza watu hadi leo. Ukienda dukani, sabuni ina ile mistari myeusi nyuma ya paketi. Mashine ikiisoma inajua hii ni sabuni gani. Nao viumbe wana kipande cha vinasaba ambacho ukikisoma kinakufanyia kazi hiyohiyo. Ni msimbo. Unang'oa mguu mmoja wa nondo, unausaga, unatoa vinasaba, unavizidisha, unavipeleka nje kusomwa kwa sababu sisi mashine ya kusomea hatukuwa nayo, halafu unalinganisha na misimbo ya nondo wote waliokwisha kusomwa duniani. Usipopata anayefanana naye, hapo unaanza kukaa sawa kwenye kiti. "Msimbo ni kubisha hodi tu," Docta alipenda kusema. "Kuingia ndani ni kazi nyingine." Maana bado lazima umtazame mnyama mwenyewe, mabawa yake, viungo vyake, umlinganishe na ndugu zake kwenye makabati ya watu, ndipo uthubutu kusema huyu ni mpya.

Mimi kila nikishika kibano, kabla ya kuvuta, nilikuwa namwambia nondo pole. Sikuweza kujizuia. Faustin aliona ni kichekesho cha mwaka.

"Iko amekufa huyo," akasema. "Unampa nani pole?"

"Nampa yeye. Na wewe uliyemuua nakupa pole pia, huna roho."

"Banange! Mimi nilimwashia taa tu. Amekuja mwenyewe."

"Wanaume wote husema hivyo," Docta akasema bila kuinua macho kwenye darubini, na Faustin akatoka nje kwa aibu huku sisi tukicheka.

Kati ya nondo wale kulikuwa na mmoja wa kahawia, mnene kidogo, mwenye ukungu wa fedha kwenye mabawa. Walikuwa wengi masandukuni. Waliotoka kwenye miinuko na waliotoka kwenye mabonde yenye maji walikuwa sawa kabisa, hata Docta mwenyewe aliwapanga pamoja. Misimbo iliporudi, walijigawa makundi mawili. Wa miinuko walikuwa ni nondo anayejulikana. Wa mabondeni hawakufanana na yeyote duniani. Namkumbuka Docta akisoma, akasoma tena, halafu akaenda jikoni akanywa maji glasi nzima akiwa amesimama. Alirudi akatuambia, "Msipige kelele kwanza." Kwa hiyo tulipiga kelele kimyakimya, Faustin akiruka bila kuvaa viatu asisikike na jirani.

Mradi ulikuwa na mkubwa wake Ulaya, profesa mmoja ambaye jina lake silitaji, maana si mtu mbaya. Yeye ndiye aliyekuwa na fungu la kutulipia nyumba na mishahara. Docta alimwandikia kwa furaha. Jibu lilipokuja, alitusomea jikoni akitafsiri polepole, na kila sentensi sauti yake ilikuwa inashuka. Profesa alisema matokeo ya namna hii mara nyingi hutokana na uchafu: mirija imechanganywa, vibano havikuoshwa, vinasaba vya mnyama mmoja vimeingia kwa mwingine. Angekuja mwenyewe kuona kazi ikirudiwa. Ikishindikana, chumba cha Muhima kitafungwa, masanduku yote yatasafirishwa kwake, na kama kuna aina mpya humo ndani, watu wake wataipa jina wenyewe.

"Anasema sisi wachafu?" Faustin akauliza. "Kigali hii? Sisi?"

Docta alikunja karatasi. "Anasema meza yetu ni chafu."

Sijui kama mtu wa mahali pengine ataelewa neno hilo lilivyotuchoma. Huu ni mji ambao mtu akidondosha kipande cha karatasi anageuka kuangalia nani amemwona. Tangu siku hiyo tuliivamia ile nyumba. Docta alinunua jiki, ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, dumu zima. Tuliosha meza kwa jiki, sakafu kwa jiki, vibano tukavilaza kwenye jiki usiku kucha, vijiti vya kusagia miguu tukavitia jiki, hata kitasa cha mlango. Mimi nilifurahia, nakiri, nilisugua kana kwamba ninamsugua Profesa uso. Docta mwenyewe alifunga kanga kiunoni akapiga magoti kwenye vigae. Kisha tukang'oa mguu wa pili wa kila nondo wa kahawia, pole, pole, pole, tukasaga, tukazidisha, tukamwaga kwenye jeli inayoonyesha kama umepata kitu. Ukipata, inatoka mistari inayong'aa. Ilitoka giza. Jeli nzima nyeusi, kutoka mwanzo hadi mwisho, kama dirisha la nyumba isiyo na watu.

Tukarudia kwa kile kilichobaki cha miguu hiyo. Giza. Faustin alisema labda wale nondo wametulaani. Docta alikwenda kukaa jikoni mbele ya sahani yake. Alitia kijiko cha isombe mdomoni, akatafuna, akaacha. Akanusa kijiko. Akanusa vidole vyake. Akaninusa mimi mkono kama paka.

"Hadija, baada ya jiki vile vibano mlivisuuza?"

"Tulivifuta na kitambaa, Docta. Kama ulivyofanya wewe."

"Na hicho kitambaa?"

"Tulikiloweka kwenye jiki."

Aliweka kijiko chini. "Jiki inavunjavunja vinasaba," akasema. "Ndiyo maana tunaitumia. Lakini ukiiacha kwenye kibano, haijui kipi cha kuvunja na kipi cha kuacha. Jamani. Tumekuwa safi mpaka tumewaua nondo mara ya pili."

Tulitazamana. Aliyeanza kucheka ni yeye, akacheka mpaka kanga ikafunguka, na sisi tukacheka, chakula chetu kikinuka jiki, machozi yakitutoka, na nikiangalia nyuma naona kwamba hapo ndipo kitu kilibadilika ndani yake. Alipomaliza kucheka alikuwa na hasira. Si hasira kwa Profesa, hapana, hasira juu yetu wenyewe. "Mtu anatuambia tu wachafu," akasema, "na sisi badala ya kumwuliza ushahidi uko wapi, tunapiga magoti kusugua. Mimi nimesoma miaka yote hiyo kwa nini? Basi. Kuanzia leo tunasafisha kama kazi inavyotaka, si kama aibu inavyotaka." Nimekaa na maneno hayo miaka mingi sasa. Kuna mahali nimeingia maishani nikajikuta naanza kupiga magoti, na nikayakumbuka, nikanyanyuka.

Profesa alifika siku ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Hakujua maana yake, wala hakuna aliyemwambia. Asubuhi hiyo ni umuganda, kazi ya pamoja ya kusafisha mji, kila mtu yuko nje na jembe au fagio, magari yamesimama. Alikuwa amelala hoteli ya karibu, akaja kwa miguu na mkoba wake, mrefu, amevaa shati la rangi ya krimu, akatukuta kwenye mfereji tukizoa udongo ulioshushwa na mvua. Mkuu wa mudugudu, yaani wa mtaa wetu, akamwona.

"Huyu ni mgeni wa nani?"

"Wetu," Docta akasema.

"Hana jembe?"

Docta akampa koleo lake. Profesa akacheka, akakunja mikono ya shati, akachimba, tena vizuri, mpaka akina mama wakampigia makofi. Kwa hiyo msinielewe vibaya: alikuwa mtu wa watu. Hilo ndilo lililofanya yaliyofuata kuwa magumu.

Mchana aliingia sebuleni akaweka masharti yake. Yeye mwenyewe angechagua nondo masandukuni, wa miinuko na wa mabonde, awachanganye, awape alama za siri alizozijua peke yake. Na uwepo mrija mmoja wenye maji matupu, usio na mguu. Huo ukitoa mstari, basi meza ni chafu kweli. Docta akasema sawa. Halafu akasema miguu ataing'oa Hadija. Mimi! Wale nondo walikuwa wamebaki na miguu minne, na mwingine mmoja alikuwa ameshavunjika mabawa. Nilivaa glovu, nikashika kibano kilichosuuzwa, nikainama. Nikasema, "Pole." Kwa sauti. Profesa akamwuliza Docta ninasema nini. Docta akamjibu, na mimi Kiingereza changu kidogo kilitosha kusikia: anamwomba radhi nondo. Profesa akauliza kama ni sehemu ya utaratibu wetu. "Ndiyo," Docta akajibu kwa uso mkavu. "Kila mguu." Faustin alilazimika kugeukia ukutani.

Jioni jeli iliwaka. Kila mrija ulikuwa na mstari wake, umenyooka, unang'aa. Mrija wa maji: giza. Sijawahi kupenda giza namna ile. Profesa alilitazama muda mrefu, akasema "Good," akatoa mkono kwa kila mmoja wetu, kuanzia kwangu. Mirija akaondoka nayo kwenda kuisomesha.

Wiki kadhaa baadaye alipiga simu, Docta akaiweka mezani jikoni na sauti nje ili wote tusikie. Makundi mawili. Wa mabonde upande wao, wa miinuko upande wao, hakuna hata mmoja aliyepotea njia. Alimpongeza Docta, alituomba samahani, tena alimaanisha. Nilikuwa ninalia tayari. Na katika sauti hiyohiyo nzuri akasema sasa tufungashe masanduku, tumtumie. Aina mpya lazima iwe na nondo mmoja aliyechaguliwa kuwa shahidi wake. Jina la wote linamtegemea yeye, na huyo hukaa kwenye kabati moja milele. Kwake kuna kabati lenye ubaridi sahihi, alisema, na watu wa dunia nzima wanaweza kufika kumwona.

"Hapana," Docta akasema.

Kisha Profesa akaanza kueleza tena, taratibu, kama anayedhani simu imekatika.

"Nimekusikia," Docta akasema. "Na mtoto wa hapa akitaka kumwona, aombe viza? Nondo wa kwetu, wa bonde la kwetu, mtoto apange foleni ubalozini akatazame bawa lake?"

Profesa akasema anaelewa, lakini fungu lile lina masharti, na yeye mwenyewe hana uwezo wa kuyabadilisha. Bila masanduku, mwaka ukiisha, fungu linaisha. Docta akamwambia ampe siku chache, akakata simu, akaenda kusimama dirishani. Huko chini Nyabugogo makondakta walikuwa wanaita Musanze, Musanze.

Faustin ndiye aliyezungumza, na simlaumu, alikuwa na watoto. "Docta, mpe tu. Nondo ni nondo. Sisi tunakula wapi?"

Docta alinigeukia mimi. "Na wewe, mwanangu? Sema, usiogope. Ukisema nimpe, nitampa."

Ninaapa sikutaka aniulize. Nilikuwa na kazi niliyoipenda kuliko kitu chochote, koti jeupe lenye jina langu nililolitarizi mwenyewe, na kila asubuhi nilipanda kutoka Rwezamenyo nikiimba. Nikisema hapana, ninarudi kwenye vifungo. Niliangalia lile sanduku kupitia mlango. Nikawaza wale nondo ndani ya ndege, gizani, wamelala kwenye pamba, wanakwenda mahali ambako hakuna mtu atakayejua walikufa vipi. Nikasema, "Tusimpe, Docta. Sisi tumewatoa miguu mitatu. Iliyobaki wakae nayo hapa."

Faustin akashika kichwa. Kisha akasema, "Haya basi. Mimi nimekwisha. Wanawake wawili na nondo."

Mwaka ulipokwisha, nyumba ikafungwa. Mashine ikachukuliwa, maana ilikuwa ya mradi. Masanduku yalikuwa yetu. Chuo kimoja mjini kilikubali kutupa kabati kwenye chumba cha nyuma, hivyo tuliwabeba kwa mikono kutoka Muhima kupandisha mlima, kwa sababu pikipiki ingewavunja. Docta mbele, mimi katikati, Faustin nyuma na sanduku lililofunikwa shuka lake la msituni. Mama mmoja anayeuza parachichi akauliza kama ni keki ya harusi.

"Ndiyo," Faustin akasema. "Bwana harusi ana mabawa."

Nilirudi kwa fundi, sitasema uongo, na nilishona vifungo kwa muda mrefu. Docta alifundisha, na baada ya masomo aliingia chumba cha nyuma na darubini ya kuazima. Ilimchukua miaka kuandika yule nondo ni nani, na aliiandika hapa, mpaka watu wa nje wakakubali. Shahidi aliyemchagua ni mmoja wa wale wa siku ya Profesa; amelala kwenye sanduku lake na miguu yake mitatu. Chuo kilipohitaji mtu wa kulinda makabati, Docta aliwapelekea jina moja tu, na walipouliza cheti changu aliwaambia waniletee sindano na uzi.

Kwa hiyo ufunguo ninao mimi. Barua pepe huja kutoka nchi mbalimbali, za adabu sana, zikiomba nondo atumwe kwa muda. Najibu kwa Kiingereza changu kifupi: yupo, hasafiri, karibuni Kigali. Wengine hukasirika. Wengine huja, nawapokea vizuri, nawapa na chai.

Juzi, siku chache baada ya mazishi, alikuja msichana mwanafunzi, amepanda basi kutoka Huye alfajiri, viatu vina tope. Hakuwa na barua ya mtu mkubwa. Alisimama mlangoni akauliza, nusu Kinyarwanda nusu Kiswahili, kama inawezekana kumwona hata kwa dakika moja, asipowasumbua. Nikafungua kabati, nikatoa sanduku, nikaliweka chini ya taa, nikamvutia kiti.

"Ni huyu?" akauliza, akiwa ameshika mikono nyuma kama anayeogopa kugusa.

"Ni huyu. Kaa. Mtazame mpaka utosheke, hakuna wa kukufukuza."